Msajili Aliyekataa Kusema

Msajili wetu hakutaka mtu aingie ofisini kwake huku anaongea. Ukifika mlangoni na maneno mdomoni, alikunyooshea kiganja, akasubiri unyamaze, kisha akauliza, "Mlango umeufunga?" Ukishaufunga ndipo alipoitikia salamu yako. Wageni walimwona mkali. Sisi tuliofanya naye kazi tulijua kwamba nje ya mlango ule palikuwa na benchi, na juu ya benchi lile hapakukosa wanafunzi wenye masikio.

Nilikuwa mchungaji wa chuo miaka ya tisini, pale Shinyanga, wakati chuo chetu cha kanisa kilipokuwa kinajiandaa kuwa chuo kikuu. Namshukuru Mungu kwa miaka ile yote, hata ile iliyotuumiza. Wengi wa wenzangu wa wakati ule nimewazika mwenyewe, na karibu wote nimewaandikia wasifu wa kusomwa kaburini. Msajili alipofariki sikumwandikia. Aliacha agizo kwamba wasifu usisomwe. Kwa hiyo hapa sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani, nami nitamwita kwa kazi yake, kama tulivyomwita sote. Kuna pia mama mmoja wa Segese atakayeingia katika habari hii. Yeye nitamwita Mama Kabula. Hilo si jina la mtoto wake.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, miwani yake imefungwa uzi mweusi nyuma ya shingo. Alikwenda kazini kwa miguu kutoka mtaa wa Kambarage akiwa amefungua mwavuli hata kiangazi, maana jua la Shinyanga alilichukulia kama mtu mbishi asiyestahili kujibiwa. Katika droo ya meza yake aliweka kopo la karanga na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Aliyekuja na shida alipewa michembe kwanza. "Tafuna," alimwambia. "Huwezi kutafuna na kunidanganya kwa wakati mmoja." Mzee wa Kihindi aliyekuwa na duka la karatasi na vifaa mjini alimtania kila alipoingia: "Mama Msajili, kufuli tena? Wewe chuo chako ni chuo au gereza?" Naye akamjibu, "Ni chuo, mzee. Gerezani wanajua waliomo."

Nyumbani kwake alikuwa mtu mwingine kabisa. Mlango wa nyumba ile sikuwahi kuukuta umefungwa mchana. Majirani waliingia kuchukua chumvi kama wanaingia kwao, naye akawasimulia habari zake bila kubakiza kitu: shinikizo lake la damu, ugomvi wake na wifi yake, jinsi mume wake alivyokwenda Geita kutafuta dhahabu akapata mke. Alisimulia na kucheka mpaka miwani ikamdondoka kifuani. Siku moja nilimwambia, "Mama, ofisini hutoi hata umri wa mtu. Mbona hapa unajianika hivi?"

"Haya ni yangu, Mchungaji," akanijibu. "Yangu nayagawa kama karanga."

Alipokabidhiwa ofisi ile, chuo chetu kilikuwa kama familia kubwa ambamo kila mtu anajua kilichomo katika chungu cha mwenzake. Matokeo ya mitihani yalisomwa kwa sauti mbele ya kanisa la chuo, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na wa mwisho naye alipigiwa makofi, kwa utani. Karani wa kupiga chapa alijua alama kabla ya walimu. Msichana akichelewa kurudi likizo, habari za kwa nini amechelewa zilijulikana sokoni kabla yake. Na hesabu zetu zilikuwa hazipatani. Idara ya ualimu ilikuwa na idadi yake ya wanafunzi, mabweni yalikuwa na yake, jiko lilikuwa na yake, na ya jiko ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.

Tulipoambiwa kwamba chuo kikuu lazima kiwe na utaratibu wa kutunza taarifa zake, wengi tulidhani maana yake ni makabati mapya. Msajili aliitisha kikao, akaandika maswali ubaoni kwa mwandiko wake wa kulala. Taarifa hii inamhusu nani? Nani ameaminiwa kuitunza? Nani anaihitaji kwa kazi yake, na nani anataka kuijua tu? Nani anaruhusiwa kuisahihisha? Itateketezwa lini? Kisha akataka kila aina ya taarifa iwe na mtu mmoja wa kuulizwa, mtu mwenye jina na uso, si idara. Alama zikawa kwa wakuu wa idara mpaka zipitishwe, halafu kwake. Habari za ugonjwa zikawa kwa muuguzi wa zahanati peke yake, na hata Mkuu wa Chuo akatakiwa kupiga hodi.

Mkuu wa idara ya ualimu, mtu wa Maswa mwenye maneno, akasimama. "Mama, maswali yote haya kwa ajili ya karatasi? Mimi hata mke wangu simhoji hivi."

"Ndiyo maana hujui anakokwenda Jumamosi," akasema Msajili, bila kuinua kichwa.

Kikao kizima kiliangua kicheko. Mtu wa Maswa mwenyewe alicheka mpaka akakaa. Utaratibu ulipita siku ile ile, na mpaka leo nadhani ulipita kwa sababu ya kicheko.

Kompyuta ya kwanza ilipoletwa iliwekwa ofisini kwa Mkuu wa Chuo, ikafunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama redio ya sebuleni. Wageni wakubwa walipelekwa kuitazama. Msajili aliuliza ni nani anayejua neno la siri la kuifungulia. Mkuu akasema kwa fahari, "Sisi sote wa utawala tunalijua. Tumelibandika pale ukutani lisisahaulike." Msajili akaenda ukutani, akaibandua ile karatasi polepole rangi ya ukuta isibanduke, akaikunja. "Samahani, baba," akasema kwa heshima kamili. "Hapa tulikuwa tumetundika ufunguo wa nyumba za watu."

Lakini mtu asidhani alikuwa mtumwa wa karatasi. Kwetu walikuwapo vijana wengi waliorudia darasa la saba kwa jina la mtu mwingine, la mtoro au la aliyehama, kwa sababu shule isingewapokea tena kwa majina yao. Jina la kuazima liliwafuata sekondari, likawafuata mpaka kwetu. Baadhi ya wakubwa waliwaita wadanganyifu. Msajili alimwita kila mmoja wao peke yake, akafunga mlango, akampa michembe, akamuuliza, "Nyumbani unaitwaje?" Ofisini aliwaita kwa jina la cheti, kama ilivyompasa. Akikutana nao njiani pasipo na mtu, aliwaita kwa jina la kwao. Nilimwona msichana mmoja akisimama ghafla katikati ya njia baada ya kuitwa hivyo, akajifuta macho kwa pindo la kanga. Nilipomuuliza Msajili amemwambia nini yule binti, alisema, "Nimemsalimia."

Sasa nifike Segese, ambako sipendi kufika.

Mhadhiri wetu wa afya ya jamii alikuwa kipenzi cha chuo. Alikuwa mpole, mwimbaji wa besi katika kwaya, mtu wa kufunga na kusali, na wanafunzi walimpenda kama kaka. Mwaka ule aliwapeleka Segese, kule karibu na machimbo ya dhahabu, wakawahoji wachimbaji wadogo na akina mama wanaowapikia. Waliwauliza habari za vumbi, za kikohozi na za dawa. Watu waliwajibu vizuri kwa sababu vijana walikuwa na adabu. Mama Kabula alikuwa mama lishe. Alipika ugali na maharage karibu na maduara, yaani yale mashimo wanamochimba. Aliwaambia ukweli wake wote: alikuwa anatumia dawa za kifua kikuu, alikuwa karibu kuzimaliza, na pale machimboni hakuna aliyejua.

Jumapili kabla ya kurudi Shinyanga, mhadhiri alikwenda kusali katika kanisa dogo la Segese. Niseme hapa jambo ambalo mgeni anaweza asilielewe. Kwetu mgonjwa hatajwi ili aaibike. Anatajwa ili watu waje, walete uji, wapalilie shamba lake, wapige magoti. Katika ibada tuna muda wake maalumu. Kiongozi wa ibada alipouliza, "Leo tumwombee nani?" mhadhiri alisimama akawataja aliowakuta wagonjwa katika mahojiano, mmoja mmoja. Waliokuwapo walisema aliwataja kwa machozi. Mama Kabula hakuwapo, maana Jumapili ilikuwa siku yake kubwa ya biashara. Watu wakaomba kwa sauti, kila mmoja kwa maneno yake, na jina la Mama Kabula likapanda juu kwa Mungu pamoja na mengine. Ibada ilipokwisha, likatoka nje na waumini.

Kifua hakikubaki kifua. Juma lile lile watu wa machimbo walisema amekanyaga waya, kama walivyouita ugonjwa ule mwingine miaka ile. Wachimbaji waliokuwa wakigombea ukoko wa ugali wake wakahamia jiko la pili. Vikombe vyake viliachwa mezani bila kuguswa. Mwenye nyumba akamwambia kwamba chumba anakihitaji, mdogo wake anakuja kutoka Kahama, na mdogo huyo hakuja.

Mwanafunzi mmoja aliyerudi Segese kumalizia kazi ndiye aliyeleta habari. Msajili alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaja kwangu. "Twende, Mchungaji," akasema. "Wewe utaomba, mimi nitaongea."

Tulimkuta Mama Kabula nje ya kibanda chake anafunga sufuria kwa kamba ya katani.

"Mwadila, mayu," Msajili akamsalimia kwa Kisukuma, kama tunavyomsalimia mama wakati wa jioni.

"Mwadila," akajibu. Hakuacha kufunga.

"Sisi tumetoka chuoni."

"Najua. Viatu vyenu vinajulikana."

Msajili akapiga magoti pale kwenye majivu, na gauni lake la kazini. "Tumekukosea, mama. Ulitupa neno lako, tukashindwa kulitunza."

Mama Kabula akacheka kicheko kikavu, akakohoa. "Wote wanaokuja hapa wananiambia, mwalimu hakuwa na ubaya, alikuombea. Mwenyekiti wa kanisa, alikuombea. Mwenye nyumba, alikuombea. Haya, muulizeni basi. Alishindwa nini kuniuliza mimi kwanza? Nilikuwa hapa hapa, nasonga ugali. Angeula na kuniuliza."

Sikuomba siku ile. Msajili alinitazama mara moja, nami nikaelewa kwamba ninyamaze. Tulimsaidia kufunga sufuria zilizobaki.

Juma hilo akahama. Wapi, watu walibuni wenyewe: wengine walisema Geita, wengine walisema Nkome, anaanika dagaa. Aliyejua kweli ni Msajili peke yake, kwa sababu ndiye aliyemtafutia pa kukaa kwa ndugu zake mwenyewe, na Mama Kabula alimwomba asimwambie mtu.

Baada ya hapo ndipo ilipoandikwa kanuni ambayo sisi tuliiita ya Segese. Majibu ya watu wanaohojiwa yatunzwe bila majina. Jina likiwa la lazima, likae kwa mtu mmoja anayejulikana. Lisitoke mpaka mwenyewe aulizwe, hata kwa nia njema. Mkuu wa Chuo aliona maneno yale ya mwisho hayahitajiki, yanaonekana kama kumsema mtu.

"Hayo ndiyo yanayohitajika, baba," akasema Msajili. "Mwenye nia mbaya hatasoma kanuni zetu."

Akaja na kwangu pia. Tukakubaliana kwamba katika kanisa la chuo asitajwe mgonjwa ambaye hakutuma ombi mwenyewe. Wazee wa kanisa hawakupenda. Mmoja alilalamika, "Sasa tukisema 'ndugu yetu mgonjwa' tu, Mungu atajuaje ni nani?" Msajili akamwambia kwa upole, "Faili lake Mungu analo, mzee wangu." Wazee walicheka, ila wengine walicheka kidogo tu. Mimi nilikuwa nimelelewa katika maombi ya kutajana, na ilinichukua muda kuizoea ile ibada mpya. Sasa naona ilinifundisha kumwomba Mungu bila kumwambia jirani.

Mhadhiri, alipojua alichokifanya, aliacha kuimba. Hakufukuzwa wala hakuna aliyemkemea. Alikuja kwaya akakaa tu na kitabu mikononi. Halafu akaenda kwa Msajili, mlango ukiwa umefungwa, na yaliyosemwa mle ndani nayajua kwa sababu yeye mwenyewe mhadhiri alinisimulia.

"Niambie aliko, mama. Nikamwangukie miguuni."

"Sina ruhusa."

"Basi mpelekee neno langu."

"Hilo nitapeleka."

Akapeleka. Likizo ilipokwisha, mhadhiri alimsubiri karibu na geti tangu asubuhi. "Amesemaje?"

"Nimefikisha."

"Ndiyo, mama, lakini amesemaje?"

"Nimefikisha, mwanangu. Atakachosema ni chake. Akitaka ukijue, atakutumia."

Ikawa hivyo kila likizo. Msajili alisafiri, akarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mhadhiri alisubiri getini, akauliza, akapewa neno lile lile moja. Wanafunzi walijua kwamba kuna jambo lakini hawakujua ni lipi, wakampa Msajili jina la Mama Kabati. Kabati la chuma, lililofungwa. Nyumbani kwake alilicheka jina hilo mbele ya majirani, akaigiza hata sauti ya mlango wa kabati. Ofisini niliwahi kumkuta amesimama dirishani, wanafunzi wanapita chini wanaliimba, naye hacheki.

Kisha mhadhiri akaugua ini. Aliugua kwa muda mrefu, akawa wa njano, akalazwa, akarudishwa nyumbani. Mkewe alimlisha kwa kijiko. Nilimpelekea Meza ya Bwana kitandani, na kila mara alipomaliza kupokea aliuliza jambo hilo hilo. Alikuwa ameungama kwa Mungu na aliamini amesamehewa. Alichotaka ni kusamehewa na yule mama. "Mungu nimeshazungumza naye," alisema. "Yeye bado."

Siku moja nilitoka kitandani kwake nikaenda moja kwa moja Kambarage. Nilimkuta Msajili uani anatwanga karanga.

"Mama, yule mtu anakufa," nikamwambia. "Kanuni tuliitunga kwa ajili ya watu."

"Yule mama naye ni mtu."

"Basi usiseme aliko. Mpe hata neno dogo la kumfariji. Mwambie mama yule hana kinyongo."

Akaacha kutwanga. Aliuegemeza mchi kwenye kinu, akanitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama tena.

"Mchungaji, unataka nimsemee? Tulishamsemea mara moja, kanisani."

Nikaaga. Nilitembea njia yote nimekasirika, na hasira ile nilikaa nayo, nikimwomba Mungu aniondolee. Sikujua kwamba kulipokucha alikwenda stendi, ijapokuwa haikuwa likizo, akaenda tena kwa yule mama.

Mhadhiri akafariki Msajili akiwa njiani kurudi. Alifika msibani jeneza limeshafunguliwa watu wanaaga, viatu vyake vimejaa tope, begi bado liko begani. Akapita katikati ya wanawake, akainama juu ya marehemu, akasema kwa sauti ya chini ambayo ni sisi tuliosimama karibu tu tulioisikia, "Nimefikisha."

Mjane aliisikia. Kuanzia siku ile hakumsalimia tena Msajili, na alikuwa na haki ya kuumia. Watu wengi walikuwa upande wa mjane. Walisema Msajili ana jiwe mahali pa moyo, kwamba alikuwa na dawa mkononi akaifungia kabatini. Msajili hakujitetea hata mara moja. Angeweza kusema, "Nilikwenda, nikaomba, nikakataliwa." Maneno hayo tu yangemtua mzigo, nao ungemhamia Mama Kabula. Hakuyasema kwa mjane, hakuyasema kikaoni, na mimi mchungaji wake hakuniambia.

Aliendelea na kazi mpaka chuo kikapata hadhi yake. Siku ya sherehe alikaa nyuma. Waliotoa hotuba walishukuru wafadhili, walishukuru wajenzi, walishukuru mvua. Taratibu za kutunza taarifa ndizo zilizosifiwa na wakaguzi kuliko majengo yetu, na mtu wa Maswa alijaribu kulisema hilo, lakini kipaza sauti kikakatika. Msajili alipiga makofi kama wengine. Baadaye akastaafu, akaandamwa na sukari na yale yale ya shinikizo.

Karibu na mwisho wa maisha yake nilikwenda kumtazama. Nilimkuta barazani, miguu imevimba ameiweka juu ya kigoda, na juu ya mkeka palikuwa na mama mmoja anachambua mchele kwenye ungo. "Huyu ni mgeni wangu," akasema Msajili, na hakuongeza kitu. Nikamsalimia mgeni, akaitikia. Tukaongea habari za chuo, nani amepandishwa cheo, nani amehama. Msajili akauliza bei ya sato sokoni, akaguna. Kisha akajivuta ndani na fimbo yake kutafuta dawa.

Yule mama hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Wewe ndiye mchungaji uliyekuja Segese ukanyamaza?"

Hapo nikamtambua. Segese alikuwa amekonda, na sasa alikuwa na mashavu. "Ndiye mimi, mama."

"Yule mwalimu ulimzika wewe?"

"Nilimzika mimi."

"Aliteseka?"

"Aliteseka."

Akachagua kokoto, akaitupa uani. "Huyu mama alikuwa anakuja kila likizo. Anakaa, ananiambia mwalimu anaomba msamaha. Namjibu, sina la kusema. Ananiambia, sawa. Anakula, ananisaidia kuosha vyombo, anaondoka. Ile mara ya mwisho alikuja analia. Akasema, mwalimu anakufa. Nikamwambia rudi, sina la kusema. Akasema sawa." Akazungusha ungo. "Hakunibembeleza hata kidogo. Nami nilikuwa nangoja anibembeleze. Angesema neno moja zaidi, ningelegea. Akachukua begi lake."

Ndani tulisikia fimbo ikigonga sakafu, kisha ikanyamaza.

"Kwenu bado mnawataja wagonjwa kanisani?" akauliza.

"Wanaotuma wenyewe."

"Na waliokufa?"

"Tunamshukuru Mungu kwa ajili yao, kwa majina."

"Basi Jumapili mtaje yeye. Sema kuna mtu amemsamehe." Akaninyooshea kidole chenye unga wa mchele. "Mimi usinitaje. Wala usiseme ni mwanamke."

Nilipoaga, Msajili alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango. Alinisindikiza mpaka penye ua, hatua zake zikiwa nzito, akinishika mkono. Nikamuuliza kama amesikia.

"Nimesikia," akasema. Machozi yalikuwa yanamshuka chini ya miwani na hakuyafuta. "Ila amekuambia wewe, Mchungaji. Mimi bado hajaniambia kitu."

Sikumwona tena akiwa na nguvu za kusimama.

Jumapili nilifanya kama nilivyoagizwa. Nilimtaja mhadhiri kwa jina lake lote, nikamshukuru Mungu kwa sauti yake ya besi na kwa mapenzi yake kwa wagonjwa, kisha nikasema kwamba yuko mtu amemsamehe. Mjane alikuwa amekaa upande wa akina mama. Nilimwona akiinua kichwa. Ibada ilipokwisha aliwaacha wote watangulie, akaja kusimama mbele yangu penye mlango wa kanisa.

"Ni yeye?" akaniuliza. "Yuko wapi? Alisema nini kingine?"

Nilimpenda yule mjane kama binti yangu, na jibu nilikuwa nalo. Nikamwambia kwamba nimesema nilichoruhusiwa.

"Na wewe pia, Mchungaji," akasema, na halikuwa swali. Akaifunga kanga yake vizuri, akashuka ngazi, nami nikabaki pale mlangoni nikiwapa mkono wazee waliochelewa kutoka.